Mita Mia Tatu Baharini

Kwenye fomu ya kaunti pana kistari kimoja tu:
Kazi.
Kalamu yangu husita hapo kama mguu kwenye ngazi gizani.
Niandike jiografia, watanituma shule ya upili nikafundishe mito.
Niandike akiolojia, karani ataniuliza kama nimepata dhahabu.
Niandike ramani za kidijitali,
atanikabidhi simu yake nimtengenezee.

Basi huandika "utafiti", neno lisilomdhuru mtu,
nikabeba mgongoni vyote vitatu:
kipokezi cha satelaiti, mwiko wa mwashi ulionolewa pembe,
na kompyuta yenye ufa kiooni.

Kibokoni, Jumanne, saa mbili asubuhi.
Bi Mwatime aniona nikisimamisha miguu mitatu ya chombo
mbele ya sinia lake la mahamri.
"Ndiwe mpimaji? Wataka kutubomolea?"
Mji huu umejifunza kumwogopa achunguliaye kwa jicho moja.
Nikamwambia, sibomoi, nahesabu kilichokwisha kubomoka.
Akanitazama. "Na chai umekunywa?"

Usiku wake nilikuwa nimeitandaza ramani kuukuu,
kingo zimeliwa na mende,
juu ya picha ya angani.
Mtaa mzima ukaruka.
Misikiti, vichochoro, nyumba alimozaliwa nyanya yangu,
vyote mita mia tatu na ushei kando,
nusu yake majini.
Si mafuriko. Ni wapimaji wa enzi mbili
walioikadiria dunia moja maumbo mawili,
kila mmoja na yai lake.
Nikasahihisha kwa tarakimu saba,
nyumba ikarudi nchi kavu,
nami nikalala nikihisi chumvi mdomoni, sijui kwa nini.

Kwenye kioo, matabaka ni utii mtupu:
nalizima la barabara, nalizima la mapaa,
naliwasha la karne nyingine.
Ardhini si hivyo.
Kahindi alikuwa akichimba shimo la choo cha ghorofa mpya
sururu ilipogonga jiwe ikalia sauti ngeni.
Akaacha.
Hilo ndilo lililotuokoa, masikio ya Kahindi.
Tukashuka kwa mwiko, kidole baada ya kidole:
saruji, visoda, jivu,
udongo mwekundu, magamba ya chaza,
kigae cha kijani cha Uchina, chembamba kama ukucha,
kisha kizingiti cha tumbawe
kilicholika katikati kama kijiko.
Nyayo ngapi hizo? Hakuna satelaiti iliyoziona.
Na kila ndoo tuliyoipandisha haikurudi ilivyokuwa;
udongo hauna kitufe cha kutengua.

Mwenye kiwanja alitupa siku tatu.
Alikuwa muungwana, alituletea maji ya chupa,
lakini lori la zege halingoji.
Picha mia mbili na kumi na nne. Nukta sitini na moja.
Alhamisi jioni Kahindi alikifunika kizingiti kwa mchanga safi,
akaupapasa mara moja,
akaenda zake bila kunawa.
Ijumaa zege likamwagwa.
Sasa mlango ule una mahali pamoja tu pa kuingilia,
nako ni faili langu,
nami nalihifadhi mara tatu, kwa hofu.

Bi Mwatime akaja kutazama kioo, unga vidoleni.
"Kisima cha Mwana Hidaya kimo?" Kimo.
"Na lile kaburi lisilo jina?" Limo.
"Nami je? Hapa nimekaa miaka thelathini na mbili."

Nikagusa palipo na sinia. Nukta ikawaka.
Kompyuta ikauliza aina: ukuta, kisima, kaburi, msikiti.
Nikaiacha wazi.
Ikauliza hali: imezikwa, imebomoka, ipo.
Nikachagua ipo,
nikaitazama,
nikafuta i, nikaandika yu.